Jaruba Lililorukwa na Makro

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu, ni hii ya juzi juzi ambapo kompyuta zimeshafika hata kwenye ofisi za skimu za umwagiliaji wa mpunga, Namsifu alikuwa akizunguka jaruba lake, kile kipande chake cha shamba la mpunga, bila kutulia. Anainama, anagusa udongo, anainuka, anatazama mfereji. Udongo umepasuka. Mpunga unakaribia kutoa masuke, na bila maji wiki hii havuni kitu. Zamu yake ya maji imekwenda wapi?

Akaenda kwa Elifuraha, mkulima mwenzake aliyetunga makro, yaani yale maagizo yanayoifanya kompyuta ipange zamu za wote kwa kubonyeza kitufe kimoja. Elifuraha akasema aliitunga kwa programu ya zamani, na huko haikuwahi kumruka mtu. Ila alipoambiwa inahamishiwa programu nyingine, alijibu itafanya kazi tu, akarudi kupalilia. Namsifu akamwomba amwachie zamu yake ya wiki hii.

"Mpunga wangu nao una kiu," akasema Elifuraha.

Akaenda kwa Kihiyo, katibu wa skimu. Kihiyo akasema leseni ya programu ya zamani iliisha, naye akahamia ya bure ili kazi isikwame. Alibonyeza kitufe, ratiba ikatoka. Kumbe programu mpya haikulielewa agizo la mwisho, ikaliacha jaruba la mkiani mwa mfereji, la Namsifu. Kihiyo hakuihakiki ratiba. Namsifu akamwomba naye amwachie zamu yake.

"Mpunga wangu nao una kiu," akasema Kihiyo.

Akakimbia hadi langoni mwa mfereji kwa Mzee Mshana, mgawa maji, ambaye naye ana jaruba. Je, hakuona kuwa jina moja halimo? Aliona. Aliisoma ratiba, akaona, akafunga lango bila kumpa Namsifu maji.

"Mwanangu, ulisimama mkutanoni ukasema nagawa maji kwa kujuana," akasema Mzee Mshana. "Ukataka nifuate kompyuta, nisifuate macho yangu. Nimeifuata."

Ni kweli Namsifu alisema hivyo, na watu walimpigia makofi.

Maji ya wiki hii yamebakiza zamu tatu tu, za hao hao watatu, na atakayetoa yake atapoteza mavuno. Namsifu anakaa, anasimama, anakaa tena. Mkono wa Mzee Mshana uko kwenye lango.

Haya, ninyi hodari wa kuhukumu: je, nani atoe maji yake, au Namsifu ndiye akubali kukosa?