Bi Kashindi na Mandolini ya Feruzi

Koo halina kigingi, legeza uzi. Mmenisikia nikimwambia hivyo baba yenu sasa hivi, mkacheka, mkaniuliza koo na kigingi vilikutania wapi. Vilikutania Ujiji, wajukuu zangu, harusini, nami nilikuwapo.

Aliyekuwa akiolewa ni Mwamvua, mjukuu wa Bi Kashindi. Enzi za usichana wake, Bi Kashindi hakuwa na mpinzani kwa kuimba. Harusi bila yeye watu waliiita kikao. Lakini uzee ulikuja, kifua kikamsumbua, akaacha. Sasa Mwamvua akasema hatoki chumbani mpaka bibi yake amwimbie. Bibi akakubali, akajifunga kanga mpya.

Mpiga mandolini alikuwa Feruzi, kijana fundi kwelikweli. Siku hiyo alikuwa ametia nyuzi mpya, akazikaza juu mpaka zikawa zinalia kama chiriku. Akaanza kupiga. Bi Kashindi akaingia vizuri, ila wimbo ulipopanda sauti ikamkatika. Akakohoa.

"Panda, bibi, panda!" Feruzi akamhimiza. "Kaza kidogo tu!"

Akajaribu tena. Safari hii haikutoka sauti, ulitoka upepo mtupu. Watu uani wakatazama chini, na kutoka chumbani tukamsikia Mwamvua akilia. Bi Kashindi akajifunika mdomo kwa kanga, akageuka aondoke. Mara akasimama, akamrudia Feruzi.

"Mwanangu, hivi vigingi vilivyo kichwani mwa mandolini yako ni vya nini?"

"Vya kukazia nyuzi, bibi. Na kuzilegeza."

Bi Kashindi akainua kidevu, akamwonyesha shingo. "Hebu nitazame. Hapa kwangu unakiona hata kimoja?"

Feruzi akachungulia kweli, maskini! "Sikioni, bibi."

"Basi mwenye vigingi ndiye alegeze!"

Ua ukaangua kicheko. Feruzi naye akacheka, akaketi kulegeza uzi mmoja baada ya mwingine, huku akina mama wakimtania: "Teremka, mwanangu, teremka!"

Alipomaliza, Bi Kashindi akaimba. Sauti ilikuwa ya chini, nzito, yenye mikwaruzo, nayo ilituingia mpaka mifupani. Mlango wa chumba ukafunguka, Mwamvua akatoka anacheza, wanja umemchuruzika mashavuni. Vigelegele vilisikika hadi ziwani.

Toka siku ile, ukimbana mtu kwa asichokiweza, na kupunguza kumo mkononi mwako, watu wa Ujiji hawakugombezi. Wanakwambia tu: Koo halina kigingi, legeza uzi.