Sultani na Mkia wa Neno

Hapo zamani, katika mji wa Kirumba, palikuwa na sultani jina lake Badrudini. Alijifunza Kiingereza katika kitabu kilichobanduka jalada, akakipenda kuliko wake zake wote wanne. Ikawa kila amri huiandika kwa Kiingereza, kwa mkono wake, na watu huitii bila kuielewa.

Siku moja akataka kisima uani kwake, penye jiwe tupu. Akamwita Kombo Faki, mchimba visima fukara aliyewahi kumpikia daktari mmoja Mwingereza na kujifunza kwake kusoma Kiingereza.

"Nakitaka kisima kwa siku saba," akasema.

"Maulana, jiwe hili hata miezi saba halitoboki."

"Utafanya kazi kama nilivyoandika, ama utakula viboko arobaini." Akampa karatasi yenye muhuri.

Kombo akaisoma, akairudia, kisha akaibusu. Iliamuru afanye kazi 'hardly' kwa siku saba.

Basi kila asubuhi akaja, akaligonga jiwe kwa sururu mara moja, akajilaza kivulini, akaamka kula wali wa jikoni, akalala tena. Askari wakampasha Sultani habari. Akasema, "Mwacheni anenepe, viboko vipate pa kutua."

Siku ya saba Sultani akashuka uani na mgeni wake, yule daktari Mwingereza. Akaona mikwaruzo saba juu ya jiwe, akaagiza kiboko.

"Maulana," akasema Kombo, akiitoa karatasi, "nimetii neno lako. Naomba daktari alisome."

Daktari akasoma, akakohoa.

"Seyyid, hapo kale kwetu neno hili lilikuwa na maana ya kufanya kwa nguvu. Kisha watu wakalitumia kwa jambo lifanywalo kwa taabu. Na lifanywalo kwa taabu hukaribia kutofanywa. Basi siku hizi maana yake ni kutofanya, ila kidogo mno."

"Na kufanya kwa bidii?"

"Ni 'hard', Seyyid. Neno lilelile, bila mkia."

Sultani akaitwaa karatasi. Rangi ikamtoka usoni. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwezi jana nilimwandikia gavana wenu kwamba askari wangu hupigana 'hardly'. Aliipokeaje barua?"

Daktari akatazama viatu vyake. "Kwa furaha kubwa, Seyyid."

Askari mmoja akaguna. Sultani akamkazia macho, akajizuia, akashindwa, akacheka hata kilemba kikamwangukia puani. Akakitupa kiboko juu ya paa.

"Kombo, kuanzia leo hakuna barua yangu itakayotoka usijaisoma. Utakaa humu, utavaa joho, na kisima tutachimba penye udongo. Nikuandikie hati sasa hivi?"

Kombo akainama mpaka chini.

"Niandikie, Maulana," akasema, "ila kwa Kiswahili."