Aliyeketi Kati ya Marobota

Mtu mmoja alikuwa na ghala la katani, ghala kubwa, marobota yamepangwa hadi karibu na bati. Jina lake Kiango. Zamani kuyahesabu kulikuwa kazi ya kuumiza mgongo: watu walipanda juu, wakabishana, wakashuka, wakaanza upya. Kiango akafunga kamera kwenye kenchi za paa, akaziunganisha na kompyuta iliyotazama picha na kuyahesabu yenyewe. Tangu hapo alifungua simu yake tu, na hesabu anayo. Mashine ile ilikuwa nzuri, wala hakuna aliyeilalamikia.

Miongoni mwa wanawake waliofunga katani humo alikuwamo Nakijwa, mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Saa ya chakula yeye na wenzake waliketi chini, wakaegemea marobota, nguo na vichwa vimejaa nyuzi nyeupe. Kamera zikawaona kutoka juu, zikawahesabu. Mchana hesabu ikawa inapanda, jioni inashuka, na Kiango akadhani anaibiwa.

Fundi akaitwa. Alitazama picha, akaeleza kwamba mashine ilifundishwa robota tu, haikufundishwa mtu. Aliyeketi kimya na nyuzi zile mwilini, kwake ni robota. Dawa ipo, alisema, ila lazima isimamishwe kwa muda, zipigwe picha nyingi za watu, ifundishwe upya. Kiango aliona huko ni kupoteza wakati. Akachagua njia iliyo nyepesi kwake: alimtuma msimamizi wake, Shekilindi, atangaze kuwa ni marufuku kuketi ghalani, kwa maana wanaoketi wanaharibu hesabu.

Nje palikuwa uwanja wa malori, hapana kivuli. Basi wakawa wanakula humo humo ghalani, wamesimama. Mwenzao mmoja, Mwasiti, alikuwa mjamzito, miguu imevimba hata viatu haviingii. Siku moja alianguka na sahani yake. Shekilindi akamsaidia kuinuka, na bila ubaya wowote akamsihi asimame vizuri, kwani kamera imeshamhesabu.

Neno hilo lilimchoma Nakijwa. Kesho yake, saa ya chakula, alimshika Mwasiti mkono, akaenda naye mpaka katikati ya ghala, pale kamera zote zinapofika, akamketisha, naye akaketi kando yake. Shekilindi alimwomba ainuke. Akamtisha, kisha akamwomba tena. Nakijwa aliendelea kula. Hakuinuka. Mwishowe Kiango mwenyewe akatoka ofisini, simu mkononi, akamuuliza kama hakuisikia amri.

"Niliisikia," Nakijwa akasema. "Mashine yako haijui kwamba mimi si robota, nami sina ugomvi nayo. Wewe unajua."

Kiango akamwambia kazi basi, aondoke. Nakijwa akajibu kwamba kwanza atamaliza kupumzika, kisha atarudi kufunga katani, na anayetaka kumfukuza amkute akifanya kazi. Wenzake waliosimama wakatazamana. Mmoja akaketi. Akafuata mwingine, mpaka wakaketi wote, na hesabu kwenye simu ya Kiango ikapanda mbele ya macho yake, huku lori la mnunuzi likiwa mlangoni, dereva anasubiri kuambiwa ghala lina nini.

Siku hiyo hiyo Kiango alimpigia fundi simu. Kamera zikazimwa, marobota yakapandwa na kuhesabiwa kama zamani, na mashine ikafundishwa upya, safari hii mpaka ikajua mtu ni nini. Ilijifunza upesi. Mwasiti akawa anaketi kila mchana, hadi alipokwenda kujifungua.

Kumfukuza Nakijwa, Kiango hakuthubutu, kumsamehe, hakumsamehe. Alimhamishia uwanjani kuanika katani juani, mbali na wenzake. Huko nako, saa ya chakula ilipofika, Nakijwa aliketi.

Nanyi mnaonisikiliza, mlio na watu chini yenu, kazini au nyumbani: mashine ilikosea kwa kuwa haikufundishwa. Wewe unayejua, ni nani umemwamuru asimame ili hesabu zako zisiharibike?