Kundi Lililotimia

Paukwa!

Pakawa!

Mlioketi nyuma, nanyi mwanisikia? Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na kundi la pundamilia. Kundi hilo lilikuwa na desturi. Kila lilipovuka korongo, kiongozi wao, Mzee Mirindimo, alipaza sauti: "Tumetimia?" Nao wote walijibu: "Tumetimia!" Basi. Hakuna aliyegeuza shingo.

Nyuma kabisa alitembea Bi Mashavu. Mguu wake mmoja ulivunjikia katika shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, ukaunga vibaya. Ti, ti, ti, kwaruu. Ti, ti, ti, kwaruu. Vumbi la wenzake ndilo lililokuwa mwenzake.

Siku moja ya masika wakafika korongoni. Mchanga mkavu, lakini kule milimani mvua inanguruma.

"Tunu, mwanangu," Bi Mashavu akamwambia kijana aliyemtangulia, "nipe bega nivuke."

"Aka, shangazi! Mimi mbavu nyembamba. Mwombe Kidawa, yule mnene."

"Kidawa, mwanangu, nipe bega."

"Mnene nani? Mwambie Tunu akupe huo mdomo wake uuegemee!"

Wakacheka. Wakavuka. Kila mmoja akadhani mwenzake atabaki.

Bi Mashavu akashuka peke yake. Ti, ti, ti, kwaruu. Mchanga ukaumeza mguu. Akauchomoa. Ukaumeza tena. Alipofika katikati, akasikia vuuu! Maji yanashuka.

Ng'ambo, Mzee Mirindimo akaita: "Tumetimia?"

"Bado!" akalia Bi Mashavu. "Bado mimi!"

"Tumetimia!" wakajibu wote. Tunu akajibu. Kidawa akajibu. Kundi likaenda zake.

Maji yakamfika magotini. Yakamfika tumboni. Yakambwaga, pu! Akaung'ata mzizi wa ukingoni, akavuta, akavuta, ufizi ukatoka damu. Akatambaa hadi juu. Hapakuwa na wa kumwambia pole.

Jua likizama, akalikuta kundi linakula majani. Akasimama mbele yao, maji yanamchuruzika. Akangoja.

Tunu akainua kichwa, huku anatafuna.

"Shangazi, mbona umelowa? Kwani huko mvua imenyesha?"

Bi Mashavu akamtazama. Akamtazama sana. Kisha akaenda kusimama pembeni, peke yake, akaanza kuulamba mguu wake.

Ndugu zangu, wadogo kwa wakubwa, mnyonge aliyeachiwa kila mtu hana mtu. Usiseme mmetimia kabla hujageuka ukatazama.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeitua kwenu, ibebeni.