Doti ya Sikudhani

Hapo zamani, siku ya Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, manyunyu yakiwa yamekoma na jua limetoka, vyuo viwili vya ualimu vilikutana katika fainali ya netiboli. Fainali hiyo ilikuwa na desturi yake: mfungaji wa goli la mwisho hupewa doti ya kanga, lakini haivai, humtuza aliyemfikisha hapo.

Sikudhani, mfungaji wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa ameacha mchezo miezi minne kabla, kwani kila aliporuka mkojo ulimponyoka. Muuguzi wa chuo, Bi Mkunde, alimwita.

"Mwanangu, haya si ya wazee peke yao. Bana misuli ya chini kama unayezuia mkojo, hesabu kumi, uachie. Asubuhi, mchana, jioni."

Alibana, akahesabu, akarudi uwanjani.

Robo ya mwisho, magoli ishirini kwa ishirini, aliruka kudaka mpira. Sketi ikalowa.

"Mvua imekwisha, dada, wewe bado tu?" mtazamaji mmoja alipaza sauti. Uwanja ukacheka. Sikudhani akaanza kuondoka.

Kwanza Tausi, mchezaji mwenzake, alinyakua ndoo ya maji ya kunywa, akamwagia timu nzima. "Haya, semeni sasa nani kajikojolea!" Kicheko kilikatika, ila Sikudhani hakusimama.

Kisha Mwajabu, mlinzi wa timu pinzani, aliinua mkono. "Hata mimi huvuja. Nimevaa kitambaa hapa nilipo. Nani mwingine?"

Mikono mitano ikainuka. Sikudhani akasimama, akarudi, akaruka, akafunga goli la mwisho.

Doti ilipoletwa, Bi Mkunde alitangulia: "Bila mimi usingekanyaga uwanja huu."

"Lakini nimevuja, Bi."

"Mara moja mchezo mzima! Zamani je?"

"Shoga, mimi nilikusitiri," alisema Tausi. "Huyu kakutangaza."

"Nimejitangaza mwenyewe," alijibu Mwajabu, "na timu yangu imeshindwa kwa hilo. Wewe umemficha kama mwizi."

"Ulitaka nimwache achekwe?"

Sikudhani alimtazama aliyemfunza, aliyemficha, aliyejifichua. Alimgeukia Tausi, akasita. Akamgeukia Mwajabu, akasita. Akarudi kwa Bi Mkunde, mkono ukagoma. Akaikata doti katikati, kama doti zote zikatwavyo, akahesabu.

Enyi mliosikiliza, nani alistahili, na nani arudi mikono mitupu? Wadai ni watatu. Kanga ni mbili.