Kesho Kutwa ya Chiriku

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmeitikia kama mmekatazwa. Tena, paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na serikali na serikali ikiwa na mambo yake, paliishi Bi Ngiri. Alikuwa na watoto wawili, Tifu na Tifutifu. Kazi yake ilikuwa kuchimba mizizi. Anachimba chapa, chapa, chapa, tangu umande mpaka jua kali. Watoto anawaacha kwa Bi Mbuni, mlezi wa watoto wa bonde zima. Kwa Bi Mbuni ni vurugu tupu. Huyu analia, yule anamdonoa mwenzake, yule kalala chali. Bi Mbuni anawapenda wote.

Lakini watoto hao wanakula. Kwa hiyo Mfalme Nyati alikuwa akitoa ruzuku ya malezi. Kila mwezi kila mama analetewa nyumbani kapu la mtama, naye anampelekea Bi Mbuni. Kapu lilikuwa sawa kwa wote, mwenye shibe na mwenye njaa.

Jioni moja akaja Chiriku, mpiga mbiu wa mfalme. Chiriku mnamjua, anasema kama bisi zinavyoruka chunguni. Akatangaza kwamba ruzuku inabadilika. Kapu haliji tena nyumbani, linakwenda moja kwa moja kwa mlezi. Mwenye kidogo ataongezewa, mwenye tele atapunguziwa. Ila kila mama afike barazani mwenyewe, aeleze hali yake, aandikishwe. Asiyeandikishwa hapati kitu mpaka masika mengine.

"Mtaandikishwa kesho kutwa jua likizama daftari linafungwa nimemaliza," akasema Chiriku. Pururu! Akaruka zake.

Akina mama wakabaki na maneno. Bi Nungunungu akadai serikali imefilisika. Bi Twiga akasema yeye hapunguziwi na mtu. Walibishana weee, wakakubaliana jambo moja tu. Kuandikishwa ni kesho kutwa, basi kesho kila mtu aende kazini kwake kama kawaida.

Bi Ngiri akaenda zake, lakini moyo haukutulia. Bila kapu, Bi Mbuni asingeweza kuwalisha watoto wake. Ingebidi awachukue machimboni, na huko mwaka uliopita fisi alimkosa Tifu kwa ukucha mmoja. Aliogopa, tuseme kweli, aliogopa sana. Wenzake walimcheka siku zote kuwa ni mzito wa kuelewa, maana jambo moja huliuliza mara mbili, mara tatu.

Siku ya pili yake, jua limeshapinda, akamkuta Chiriku anakunywa maji dimbwini. Akamsalimu, kisha akamuuliza kuandikishwa ni lini.

"Si nilisema? Kesho kutwa," akajibu Chiriku.

"Ulivuta pumzi wapi, ndugu yangu?"

Chiriku akamtazama kama mgonjwa. "Pumzi? Mimi sikuvuta. Aliyevuta ni mfalme aliponipa maneno. Alisema kesho. Akavuta pumzi. Halafu akasema kutwa."

Bi Ngiri akaangusha mizizi yote. Kesho, kutwa! Yaani kesho, siku nzima! Na kesho ya jana ndiyo leo!

Baraza lilikuwa mbele. Wenzake walikuwa nyuma, wale wale waliomcheka. Nawaambia alisimama pale, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Angekwenda peke yake, nani angemlaumu? Akawakumbuka watoto wa wenzake kule kwa Bi Mbuni, wanavyodonoana na kulala chali. Akageuka. Mkia juu, tifu, tifu, tifu!

Akamwambia Bi Swala. Bi Swala akatoka mbio. Tifu, tifu, tifu! Akamwambia Bi Nungunungu. Bi Nungunungu akatoka mbio, miiba inalia kacha kacha. Tifu, tifu, tifu! Akamwambia Bi Twiga, anayekaa mwisho wa bonde. Bi Twiga akatoka kwa hatua zake ndefu, akampita, akatokomea. Bi Ngiri na miguu yake mifupi akafuata nyuma.

Alipofika barazani, wote wameshaandikishwa. Kobe, karani wa mfalme, akafunga daftari. Pa!

"Jua limezama, mama. Kutwa imekwisha," akamwambia.

Bi Ngiri akatazama. Kweli, nyuma ya vichaka hapakuwa na jua. Machozi yakamlengalenga. Lakini mdomo wake haukuacha kazi yake.

"Limezama kwa nani?" akauliza.

Kobe akasema kwake limezama. Kobe yuko chini pale. Bi Nungunungu, kwa huzuni, akasema hata kwake. Wote wakainua vichwa kumtazama Bi Twiga. Bi Twiga alikuwa amenuna, kapu lake limekatwa nusu. Akanyoosha shingo. Juu, juu, juu.

"Mimi naliona," akasema. "Lipo lote."

Mfalme Nyati akasema amri yake ilitaja jua, haikutaja jua la Kobe. Daftari lifunguliwe.

Kobe akafungua. Na Kobe kuandika mnajua wenyewe. Akaandika Tifu. Akapumzika. Akaanza Tifutifu. Giza likaingia, nyota ya kwanza ikatokea, na mfalme akaiona nyota ile, akatazama pembeni. Bi Twiga, shingo juu vile vile, akashikilia kuwa bado analiona jua, tena linamchoma macho. Mpaka Kobe alipoinua kalamu.

"Haya," akasema Bi Twiga. "Sasa limezama."

Mafunzo ni haya. Serikali ikibadilisha jambo, uliza mpaka uelewe, wala usione haya wakikucheka. Na ukishaelewa, mwambie mwenzako.

Hadithi yangu inakomea hapo. Aliyesikia amsimulie aliyesinzia.