Kwa Nini Wachezaji Hukimbia Bila Mpira

Enzi za mpira wa matambara na kamba za mkonge, hakuna timu iliyofanya mazoezi. Mpira ukidondoka, wote waliuvamia kama kuku waliomwagiwa mtama.

Kila kiangazi kijiji cha Igowelo kilicheza na jirani zao wa Mabanda, na mshindi ndiye aliyetangulia kuchota maji bwawani. Igowelo walishindwa kila mwaka, wakaachiwa tope lililokanyagwa na ng'ombe. Mwaka mmoja Nyamizi, mke wa mshambuliaji Lugendo, alikuwa na mtoto aliyeanza kunywa uji. Aliyachuja maji kwa kanga, akayachuja tena, na bado yalikuwa mekundu.

Mechi ilipokaribia, Lugendo alirudi nyumbani na nundu usoni. Alikuwa amegongana na mdogo wake, wakigombea mpira mmoja. Alimkuta Nyamizi akitwanga na mawifi zake wawili, michi mitatu katika kinu kimoja.

"Nyinyi hamgongani?" aliuliza.

"Tungekuwa kama nyinyi, kaka, tusingekuwa na vidole!" dada yake alimcheka.

Nyamizi alisema taratibu, "Nilipoolewa, Baba Kabula, sikutiliwa nafaka. Nilipunga mchi hewani na dada zako mpaka nikajua wao wakishuka, mimi napanda. Nafaka ilikuja baadaye."

Lugendo aliitazama michi ikipanda na kushuka. Alfajiri aliwaita wenzake uwanjani, akauficha mpira. Wakakimbia hivyo hivyo: mmoja alipanda pembeni, mwingine akamvuta beki asiyekuwepo, wa tatu akaingia kwenye pengo. Wapita njia waliwazomea, "Lugendo, mpasie jini!"

Siku ya mechi, Lugendo aliusukuma mpira pembeni kusikokuwa na mtu, wala hakuinua macho. Watu wakaguna. Mara mdogo wake akawa pale, kama aliyeitwa. Akaurudisha katikati, na wa tatu alikuwa ameshafika. Goli.

Hakuna aliyeshangilia. Uwanja mzima ulinyamaza, na wazee wa Mabanda wakavua kofia. Katika ukimya ule Nyamizi alisikia michi: shuka, panda, shuka.

Kesho yake alitangulia bwawani. Maji yalikuwa maangavu hata akauona ndani yake uso wa mtoto, ukichungulia juu ya bega lake.

Na tangu siku hiyo, wachezaji hukimbia kwanza bila mpira. Ukiwakuta watu wazima wakimpasia mtu asiyeonekana, usiwazomee. Wanapunga michi, nafaka bado haijatiwa.